Maneno ya Hortense Makaburini

Jumatano, 10 Agosti 1994

Daftari langu, nimekunyamazia miezi kumi na sita. Sina udhuru. Ukurasa wa mwisho ni wa Aprili mwaka jana, siku treni ilipomchukua binti yangu Mélanie na watoto wake kuwapeleka Kasai, nchi ambayo alikuwa hajawahi kuikanyaga. Mimi nilibaki. Nilizaliwa hapa Likasi, baba yangu aliletwa na mgodi, lakini jina langu ni Tshimanga, jina la Kikasai, na mwaka ule Wakasai walikuwa wakifukuzwa huku; jina hilo peke yake lilitosha kunipandisha treni. Nilibaki kwa sababu Komanda Kitenge, mkuu wa posti yetu ya polisi, alisimama mlangoni kwangu akawaambia wale vijana wa marungu: huyu haendi, huyu njo mukono yangu ya kuandika. Baada ya hapo niliona haya kukufungua. Unisamehe.

Leo nakufungua. Kuna mtu amekufa, na mimi karani wa posti ya polisi najua alivyokufa.

Lambert. Mwipwa wa Komanda, mtoto wa dada yake. Askari kwa jina tu. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo na kukata waya wa shaba. Watu wa umeme wanapozima laini inayotoka bwawa la umeme la Mwadingusha ili waitengeneze, hutuarifu kwa redio, tuilinde. Komanda huilinda kwa kumtuma Lambert na msumeno. Shaba huondoka kwa lori, nami napiga kwa mashine karatasi ya njia: “vyuma chakavu”. Ndiyo. Mimi.

Leo laini ilikuwa izimwe mpaka saa sita. Saa mbili na dakika ishirini redio ikaita: kazi imekwisha mapema, umeme unarudi saa tatu kamili. Niliandika ujumbe katika rejista, nikaipeleka kwa Komanda. Akasoma. Akatia sahihi yake fupi pembeni, kama kila siku. Lambert alikuwa juu ya nguzo, ng'ambo ya mtaa wa Kamatanda. Land Rover ilikuwa uani, na mafuta ilikuwa nayo, na askari Ghislain alikuwa kando yake.

— Komanda, tumtume Ghislain akamshushe?

— Kunabakia bipande bibili tu, Secrétaire. Atamaliza. Lambert iko mwepesi sawa nyani.

Akaendelea na chai. Saa tatu taa ya ofisi ikawaka. Aliinua macho akaitazama.

— Courant inarudia, akasema.

Basi.

Walimleta kwa mkokoteni saa tano. Mikono yake — sitaielezea mikono yake. Komanda alilia, kisha akaniambia nipige: Askari Lambert ameuawa na wezi wa shaba akiwa kazini. Nikapiga. Bila kosa hata moja.


Ijumaa, 12 Agosti

Matanga nyumbani kwa Komanda. Analia vizuri. Mama yake Lambert anauliza kila anayeingia kama mwanawe aliumia muda mrefu. Aliniuliza na mimi. Nikasema hapana, mama, mara moja tu. Hilo angalau nadhani ni kweli.


Jumamosi, 13 Agosti

Tumemzika.

Nimeishi na utani wa watu wa huku maisha yangu yote, na bado unanishtua. Ukoo wa Mbuzi na ukoo wa Chui ni watani. Akifa Mbuzi, Chui ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaobeba jeneza, na ndio wanaowatukana wafiwa mbele ya maiti. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika anaaibisha ukoo mzima. Na yanayosemwa makaburini yanabaki makaburini. Hakuna anayerudi nayo mjini. Wachungaji wamehubiri dhidi ya jambo hili mpaka sauti zikawakauka.

Lambert alikuwa Mbuzi, kama mama yake, kama Komanda. Chui wa leo alikuwa Mama Hortense, muuza unga wa Kamatanda, mjane, rafiki wa mke wangu Germaine katika kwaya. Sauti yake ni ya king'ora.

Alikuja amevaa suruali ya Lambert na kofia yake, kamba begani. Akapanda lundo la udongo wa kaburi kama mtu anayepanda nguzo. Akageuka, akamwita Komanda kama mwipwa amwitavyo mjomba wake:

— Yomba Kitenge! Courant iko?

Kisha akatoa tumbo mbele, akajibu kwa sauti ya Komanda — sauti yenyewe!

— Panda tu, mutoto! Courant inaogopaka familia yetu!

Akashika waya usiokuwapo. Akatetemeka mwili mzima, ulimi nje, akaanguka chali. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Germaine alijishika mbavu. Mama yake Lambert mwenyewe alicheka huku machozi yakimtoka. Hortense akainuka, akajipangusa, akamnyooshea Komanda kidole:

— Muangalie bambuzi! Banakula majani, banakula makartasi, sasa banakula mpaka waya! Kitenge, fungula kinywa, tuone kama shaba haikubakia mu meno!

Komanda alicheka. Akafungua kinywa, akamwonyesha meno. Akajibu kama inavyotakiwa:

— Chui muzee weye! Makucha ilikwisha, sasa unauzisha unga!

Makofi. Desturi imetimia, jeneza likashushwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza amejuaje. Njiani nilimwuliza Germaine.

— Hajue kintu, akasema. Anachezaka tu. Bantu bote banawaza, yeye anacheza.


Jumatatu, 15 Agosti

Kila Jumatatu, kwa miaka kumi na tisa, naandika ripoti ya habari za mji: nani amesema nini, wapi, mbele ya nani. Nakala moja inakwenda Lubumbashi. Komanda huitia sahihi bila kuisoma.

Leo asubuhi redio imetangaza kwamba mkaguzi atafika kutoka Lubumbashi Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 26, kwa ajili ya laini iliyokatwa na kifo cha Lambert. Nilikaa mbele ya mashine muda mrefu. Nikawaza: ukweli hauwezi kutoka kwangu. Lakini umekwisha kutoka kwa mwingine, hadharani, mbele ya watu mia mbili!

Nikaandika: “Tarehe 13, makaburini, Bi Hortense, muuza unga, alitamka haya.” Nikanukuu neno kwa neno. Swali la umeme, jibu la Komanda, waya, meno. Nilijiambia kwamba maneno ni yake, mimi ni mkono tu. Yeye analindwa na utani. Mimi silindwi na kitu. Mkaguzi atasoma, ataanza kuuliza, na jina langu halitakuwa popote.

Aya nne. Fasaha. Padre Ambroise aliyetufundisha sarufi kwa fimbo asingepata pa kunipigia. Nilipomaliza nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi.


Alhamisi, 18 Agosti

Ameisoma!

Mara moja katika miaka kumi na tisa. Aliniita. Ripoti ilikuwa mezani, kidole juu ya aya ya tatu.

— Secrétaire, uliandika bizuri sana. Minye sikujua kama tuko na témoin, muntu mwenye aliona.

— Ni utani, Komanda. Ni maneno ya makaburini.

— Hapa umeandika “utani”? Unionyeshe.

Sikuwa nimeandika. Ripoti inachukua maneno; haichukui namna yalivyosemwa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

— Njo vile. Hapa kwiko mwanamuke anajua Lambert alipanda, anajua alikuwa anauliza courant. Anajua namna gani? Alikuwa pale. Njo mukubwa wa bezi.

Walimkamata saa nne sokoni, mikono bado myeupe kwa unga. Ghislain ndiye aliyetumwa. Aliporudi naye alisimama mlangoni kwa Komanda, kofia mkononi.

— Komanda, huyu ni Chui wenu. Mbuzi hafungake Chui. Hata babu yangu hakusikiaka vile.

— Mu kartasi hamuna Chui, hamuna Mbuzi. Mu kartasi kwiko muntu na maneno yake. Uliza Secrétaire.

Ghislain hakuniuliza. Alinitazama tu.


Ijumaa, 19 Agosti

Mwandiko wangu leo ni mbaya.

Saa sita Komanda alimtoa Hortense uani. Alikuwa ametuma watu kwa mama yake Lambert kuchukua suruali ileile na kofia ileile. Akaweka pipa tupu katikati ya jua. Akampa waya, waya wa kweli, kipande cha shaba kizito kama mfuko wa unga.

— Panda. Fanya sawa ulifanya kule.

Hortense alidhani bado ni mchezo. Kwa nini asidhani? Alikuwa na mtani wake mbele yake. Akapanda, akatikisa makalio, akaita: Yomba! Courant iko? Askari wakapasuka kwa kicheko. Mmoja aliangusha bunduki.

— Mwenye atacheka tena, akasema Komanda, atalala naye mu cachot.

Kicheko kikakatika.

— Rudilia.

Akarudia. Mara ya tatu. Mara ya nne, waya ukiwa juu ya kichwa. Mara ya tano akajaribu kichekesho kipya:

— Leo mbuzi hacheke? Ndevu inamuuma?

Hakuna aliyecheka. Ghislain alijiuma mdomo mpaka ukatoa damu. Mara ya nane Hortense aliacha sauti ya Komanda, akajibu kwa sauti yake mwenyewe. Mara ya kumi na moja aliuliza “courant iko?” kama mtu anayeuliza kweli, anayetaka kujibiwa. Mara ya kumi na nne alianguka kutoka kwenye pipa na mkono wake wa kulia chini yake. Tulisikia mfupa.

— Rudilia.

Akapanda kwa mkono mmoja.

Mimi nilikuwa kivulini, mashine juu ya meza ndogo. Kila mara niliandika: maelezo ya kwanza, maelezo ya pili, mpaka ya kumi na saba. Komanda akainama begani kwangu.

— Yanafanana?

— Yanafanana, Komanda.

— Basi haikuwa muchezo. Muchezo unabadilikaka. Kweli haibadilikake.


Jumapili, 21 Agosti

Germaine amejua. Ghislain alimwambia baada ya ibada. Amerudi nyumbani, amesimama mbele yangu na Biblia kwapani, hata kitambaa cha kichwa hajakivua.

— Baba Mélanie, nani aliandika?

— Mimi. Lakini nilinukuu tu —

— Maneno ya malalo, ya makaburi? Ulibeba maneno ya malalo mpaka Lubumbashi?

— Nilitaka mkaguzi ajue.

— Basi ungemwambia na kinywa yako. Hauna kinywa? Ya kukulia bukari unakuwaka nayo!

Nilimweleza habari ya rejista. Kwamba ujumbe upo, kwa mwandiko wangu, saa mbili na dakika ishirini, na sahihi ya Komanda pembeni. Kwamba yeyote atakayeuona ataelewa nani alimwua Lambert. Akavua kitambaa cha kichwa.

— Ile kitabu inaweza kumutosha Hortense mu kifungo?

— Inaweza.

— Iko wapi?

— Kabatini kwangu, ofisini. Ufunguo ninao mimi.

— Sasa unangojea nini, papa?

Nangojea nini! Nilikuwa gare, pale stesheni ya treni, mwaka jana. Niliona watu wakilala juu ya saruji wiki tano wakingojea mabehewa. Nilimwona Mélanie akimfunika mtoto kwa pazia la sebuleni kwetu. Hortense ana mkono uliovunjika. Mimi nina miaka sitini na sita.

Germaine amekula bukari, ugali wetu, peke yake, amesimama.


Jumanne, 23 Agosti

Komanda amekuja mezani kwangu mwenyewe. Ameketi. Ameleta rejista mpya, jalada jekundu, inanukia gundi.

— Papa Tshimanga —

Papa! Hajawahi kuniita hivyo.

— Papa Tshimanga, rejista ya redio iliingia maji.

— Haikuingia maji, Komanda.

— Itakuwa iliingia. Utaandika upya yote humu, kutoka mwezi wa saba. Message ya tarehe kumi, ile haikufikaka. Halafu utatia sahihi mu P.V., ile kartasi ya maelezo ya Hortense: ulisikia na masikio yako akisema alikuwa na bale bezi. Mkaguzi anapenda kazi safi, na weye njo uko na kazi safi kushinda bote.

— Na yeye Hortense?

— Bezi ya waya banapelekwaka mbali. Muzee sawa yule, na ule mukono unaanza kunuka…

Akanyanyua mabega. Kisha akasimama, akapangusa vumbi kwenye bega la koti langu. Kwa upole kabisa.

— Gare iko palepale, papa. Mama Germaine ni wa huku, hana matata. Lakini weye, siku moja bantu batauliza: ule Mukasai, treni ilimusahau namna gani? Minye ntajibu nini?

Nimeiweka rejista nyekundu kando ya ile ya zamani. Zinalingana ukubwa.


Jumatano, 24 Agosti

Sheria inataka mtu asomewe maelezo yake kabla ya kuweka kidole. Nimeifuata sheria. Nilikwenda kwenye mahabusu na karatasi kumi na moja.

Alikuwa amekaa ukutani. Mkono umefungwa kwa kipande cha suruali ya Lambert, vidole vimevimba vyeusi. Nikasoma yote, polepole. Alisikiliza kama mtoto darasani.

— Maneno ni yangu, akasema. Yote. Ila hamukuandika kama bantu balicheka.

— Hakuna nafasi ya hilo, mama.

— Mustari moja tu, Secrétaire. “Bantu balicheka.” Weka pale chini.

— Mkaguzi hataki kujua nani alicheka.

Akaupakata mkono wake mbovu.

— Weye ni ukoo gani?

— Sisi kwetu hatuna utani na ninyi.

— Ah. Njo mubaya ile. Ungekuwa Mbuzi, ningekutukana sasa, ningekuambia uko na kichwa ya chungu, tungecheka, mambo ingekwisha. Kwako weye niko nasema tu bila kucheka: uliniuzisha.

Nilisema kwamba nilitaka kusaidia. Alisema anajua. Alisema watu wengi wanaotaka kusaidia hupenda kutumia mwili wa mwingine. Hakupandisha sauti. Ghislain alishika taa ya mafuta, akageuza uso.

Kidole cha kulia kilikuwa kimevimba, hakikutoa alama inayosomeka. Tukachukua cha kushoto. Nikaandika pembeni: “kushoto, kwa sababu ya maradhi.” Maradhi!

Alipokwisha kuweka kidole aliniuliza kama rejista anayoisema Germaine ni kweli. Kumbe Germaine amemwambia, alimpelekea uji asubuhi. Nikasema ni kweli. Hakuniomba. Nilisimama pale nikingoja aniombe, ili nipate cha kukataa au kukubali. Alilala akageukia ukuta.


Alhamisi, 25 Agosti

Mkaguzi anafika kesho saa tatu kwa gari.

Nimeleta rejista zote mbili nyumbani, ndani ya mfuko wa unga. Komanda ameruhusu, anasema nyumbani nitaandika kwa utulivu. Saa tisa alasiri, dirishani, mwanga bado mzuri.

Germaine ametoa sanduku langu chini ya kitanda, amelipangusa, ameliweka mlangoni. Ndani ameweka mashati mawili, blanketi, chumvi, picha ya Mélanie. Nilimwuliza ni la gare au la kukimbia. Akasema:

— Ni lako. Weye njo unajua fasi unaenda. Minye naenda kumupelekea Hortense maji ya moto.

Amekwenda.

Mambo ni mawili, hakuna la tatu. Kesho mkaguzi akikaa, naweka mbele yake rejista ya zamani, iliyofunguliwa tarehe 10, nanyamaza, anasoma mwenyewe. Hortense anatoka, na mimi sijui nitalala wapi Jumamosi. Au naweka ile nyekundu. Nalala hapa, na yeye anapelekwa mbali na mkono ule.

Nimeanza kunakili. Kwa kujaribu tu, nione kama mwandiko wangu utafanana na wa mwezi wa saba. Unafanana. Nimenakili Julai yote. Nimenakili Agosti mosi mpaka tarehe tisa, pamoja na kosa langu la tarehe nne, ili ionekane ya kweli. Nimepiga mistari ya ukurasa unaofuata kwa rula. Tarehe kumi sijaiandika.

Sijaamua. Nitakapokuwa nimeamua nitaandika hapa, siku hiyohiyo, sitakunyamazia tena. Kwanza nimalize huu ukurasa wa ile nyekundu.